Bangili ya Chebet

Harufu ya oili iliyoungua hunirudisha utotoni haraka kuliko picha yoyote. Majuzi nilikuwa nimesimama kwenye gereji moja mjini Kericho, gari langu limefunguliwa boneti, fundi akinionyesha kwa nini linavuja. Alikuwa ametoa sili ya mbele, ile pete ya mpira inayozuia oili pale shafti inapotokea nje ya injini, akaigeuza kiganjani. "Ona hapa, madam," akasema, na kwa ncha ya kucha akachomoa kutoka mgongoni mwa ule mpira springi nyembamba iliyojiviringa ikawa duara. "Hii ndio inabana mdomo wa sili ishike shafti. Hii ikitoka, hata sili ikuwe mpya aje, oili itakuja tu."

Nilimwomba mahali pa kukaa. Alidhani nimechoka kusimama, akanisogezea tairi kuukuu nikalikalia. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ile springi. Niliijua. Niliwahi kuichomoa hivyo hivyo, kwa kucha, nikiwa darasa la nne, na tangu siku ile mpaka pale gerejini sikuwahi kujua nilichofanya.

Tuliishi nje kidogo ya Kapsoit, katika nyumba ya mbao kwenye kona ya shamba la Mzee arap Maritim, mkulima wa chai na maziwa. Baba alikuwa ametoka kule kwetu ziwani akiwa kijana, akaajiriwa kuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha majani chai. Alirudi jioni akinuka vitu viwili, grisi na vumbi la chai, na mpaka leo sijui kuvitenganisha. Katika mteremko ule wote, Wajaluo tulikuwa sisi peke yetu, na sikumbuki hata siku moja mtu akituuliza tunatafuta nini pale. Baba alikuwa na mikono. Pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa ikikwama, inaletwa kwetu. Mashine ya kukata nyasi, redio, baiskeli, vyote vilipita mlangoni petu Jumapili mchana, na wenye navyo walikaa wakanywa chai ya Mama huku wakingoja. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi, basi.

Ila Fundi huyo alikuwa na pikapu yenye rangi ya maziwa, kuukuu, iliyopitia mikono mingi kabla ya kumfikia, na ilivuja oili popote iliposimama. Hakutaka kuchafua viwanja vya watu, kwa hiyo alitembea na mkebe wa mafuta ya kupikia uliokatwa ukawa mfupi, na kazi ya kuutega chini ya injini ilikuwa yangu. Jumapili tukifika kanisani, mimi ndiye niliyeshuka wa kwanza. Nilipiga magoti kwenye nyasi na gauni langu jeupe, nikausukuma mkebe hadi nisikie tone la kwanza likigonga bati. Wenzangu wa Sunday school walijipanga ukutani wakihesabu matone kwa sauti. "Gari ya kina Akinyi inakojoa!" walisema, na mmoja wao, msichana mwenye mdomo kweli kweli, akaongeza kwamba ule mkebe ni nepi yake. Jina likashika. Nilimchukia yule msichana, nikalichukia gari, kisha taratibu, bila kujiambia, nikaanza kumwonea haya baba yangu. Fundi gani huyu ambaye gari lake mwenyewe linavaa nepi?

Chebet peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa kitinda mimba wa Mzee Maritim, rika langu, na yeye na watu wa kwao walikuja kanisani pamoja nasi nyuma ya pikapu. Mimi nikipiga magoti upande huu, yeye alipiga magoti upande ule, akanisaidia kuusawazisha mkebe. Ni Chebet aliyenionjesha mursik kwa mara ya kwanza, maziwa yao ya kibuyu yenye mkaa, akanishika pua nisiyateme. Baba alipenda kutusikia tukicheza, na akiwa uani alizungumza nasi Kiswahili, hata na mimi, ili Chebet asiachwe nje.

Likizo moja, Mzee Maritim alipita kwetu asubuhi akiwa na fimbo yake na koti la mvua.

"Fundi, habari ya hapa?"

"Mzuri, Mzee. Karibu kiti."

"Sikai. Jumamosi ya wiki ijayo tunaenda koito ya Kiprono, kule Chepseon. Nataka gari yako ndio ibebe wazee."

Kiprono alikuwa kaka mkubwa wa Chebet, na koito ni siku ambayo watu wa mvulana wanakwenda kwa kina msichana kukubaliana mahari na kufunga uchumba. Si jambo la kumkabidhi mtu yeyote. Baba alijua hivyo, akaitazama pikapu yake.

"Mzee, si ungetafuta gari nzuri pale Kapsoit? Hii yangu unaijua."

"Naijua. Na wewe nakujua. Nimeshaambia watu tutapelekwa na fundi wetu." Kisha akaelekeza fimbo kwenye mkebe. "Lakini hiyo kitu, hapana. Huwezi kuwekea wakwe mkebe kwa boma. Watasema sisi ni watu wa kuvuja vuja."

Wote wawili wakacheka. Baba akasema, "Hiyo injini nitafungua mwenyewe, hapa hapa. Ukiona mkebe tena, uache kuniita fundi."

Akachukua ruhusa kazini siku mbili, Ijumaa na Jumamosi ya wiki ile ile. Alifunga karatasi ya nailoni juu ya nguzo nne kando ya ua wa michai, kwa maana kwetu mvua ya mchana haikosi, akaingiza pua ya pikapu chini yake. Sikuitwa. Nilikwenda mwenyewe, kwa sababu nilitaka kuona mkebe ule ukifa. Alinipa kazi ya kuosha bolti kwa mafuta ya taa na kuzipanga juu ya gunia kwa mfuatano aliozitoa. Tulimwaga oili kwenye karai, tukatoa rejeta, tukatoa mkanda wa feni. Bolti kubwa iliyoshika puli ilikataa kabisa. Baba alirefusha spana kwa bomba la maji, akaning'inia juu yake kama mtoto kwenye tawi, ikalia, ikaachia. Tulicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuona kuna nini.

Sili zilikuwa mbili, ndogo ya juu na kubwa ya chini. Alizing'oa polepole kwa bisibisi aliyoizungushia kitambaa ili isikwaruze shafti. Ile kubwa ilikuwa imekauka, ngumu kama biskuti ya mwaka jana.

"Hii ndio ilikuwa inatuaibisha," akasema. Alisema inatuaibisha, sisi sote. Mimi nilikuwa nimedhani aibu ile ninayo peke yangu.

Ndani ya ile sili nzee kulikuwa na waya mwembamba uliojiviringa, mweusi, wenye kutu sehemu sehemu. Niliuvuta ukatoka. Nikauvisha mkononi, ukatanuka, ukakaa barabara juu ya kifundo. "Baba, naweza kuchukua hii?" "Chukua," akasema, bila kugeuka. Basi nikajiona nimepata bangili, na shuleni kwetu wakati huo msichana asiye na bangili alikuwa hana neno la kusema.

Sili mpya zilikuwa zimefungwa kwenye gazeti. Kazi ya kuzipaka grisi alinipa mimi, kwa kuwa vidole vyangu viliingia mahali ambapo vyake havingeingia. Aliniambia nijaze mgongoni mwa mpira mpaka ndani. Nilipofungua gazeti nikaiona ya pili, ndugu wa ile yangu, lakini hii ilikuwa nyeupe inang'aa. Nilimfikiria Chebet. Ndugu yake anakwenda kuposa, yeye atapanda gari mbele ya watu, na mkono wake mtupu. Nilifikiri vizuri, wala sikuchukua kwa papara. Nilijiambia kwamba kinachozuia oili ni mpira, maana Baba mwenyewe alikuwa amelaumu mpira, hakutaja waya. Na ule wa zamani si alinipa bila hata kuuangalia? Nikaona ni urembo tu wa dukani. Nikauchomoa kwa ukucha, nikautia mfukoni, nikajaza grisi pale ulipokuwa mpaka pakafunikika pote.

Ngurumo ilianza upande wa msitu. Baba alitazama juu, akatazama nailoni yake iliyokuwa imeanza kutikisika.

"Umepaka?"

"Nimepaka."

"Mpaka ndani?"

"Mpaka ndani kabisa."

Aliichukua, akaona grisi imejaa na alama za vidole vyangu pande zote, akatabasamu. "Hapo sasa. Una mkono wa fundi." Akaiweka mahali pake, akaigonga taratibu kwa kipande cha mbao ya mkaratusi alichokichonga mviringo kule kiwandani, akizunguka, akisikiliza kila pigo. Mvua ilitukuta tunakaza bolti ya mwisho ya puli. Siku ya pili tulirudisha kila kitu, akawasha. Tulilala chini wote wawili, mashavu kwenye matope, tukitazama tumbo la injini. Halikutoka tone.

Jumapili ile tulienda kanisani bila mkebe. Nilishuka kwenye gari nikasimama wima na gauni langu safi, nikawatazama wale wa ukutani mmoja mmoja. Baada ya ibada walichungulia chini ya pikapu, nyasi ilikuwa nyasi tu. Sijawahi kumpenda baba yangu kama siku ile, na hilo nalo linanitia aibu, kwamba mapenzi yangu yalitegemea nyasi safi chini ya gari. Nyuma ya kanisa nilimvisha Chebet ile bangili nyeupe. Nyeusi nilibaki nayo mimi. Alinishika mkono akaviweka vifundo vyetu pamoja kulinganisha, akaniambia hataivua mpaka iishe.

Jumamosi ya koito, Mzee Maritim alikaa mbele na Baba, amevaa suti ya kahawia na kofia. Wazee wanne walikaa nyuma kwenye mabenchi ya kanisani. Mimi na Chebet tulipakatishwa vibuyu vya mursik pamoja na Mama Kiprono, tukaambiwa tukivimwaga tusirudi nyumbani. Tulipita mji wa Kericho na mashamba makubwa ya chai, wazee wakiimba nyimbo za kanisa kwa sauti nzito, na mimi nikiwa nimeinua kidevu kama mwenye gari. Kilima kirefu kilipoanza, nikasikia ile harufu. Kisha mkanda wa feni ukaanza kupiga kelele ya kukwaruza, kisha mvuke ukatoka mbele kwa wingi, na Baba akaegesha kando ya barabara.

Alifungua boneti. Oili ilikuwa imerushwa kila mahali, kwenye mkanda, kwenye rejeta, inatiririka chini na kutengeneza kidimbwi cheusi kwenye changarawe. Wazee walishuka wakakizunguka kile kidimbwi. Baba alisimama tu, mikono imelegea pembeni, akitazama mahali pale ambapo sili yetu ilikaa. Aliomba maji. Chebet, aliyekuwa mwepesi kuliko sote, alichota kwenye mtungi wa plastiki kwa jagi akampelekea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama alivyofundishwa. Sweta yake ikapanda. Ile bangili ikang'aa pale juu ya kifundo.

Baba hakulipokea jagi mara moja. Aliutazama ule mkono. Kisha akageuka akautazama wangu, na waya wangu mweusi. Nikafurahi. Wallahi nilifurahi. Nilidhani ameona jinsi bangili zetu zinavyofanana, na kwamba hata katika shida yake amezipenda.

"Fundi," Mzee Maritim akasema, "si uliniambia hii kitu imeisha?"

Baba akapokea jagi. "Nilisahau kitu, Mzee," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Wakati wa kufunga. Kosa ni langu."

"Ulisahau nini?"

"Kitu kidogo tu. Lakini ni kosa langu, unisamehe."

Wazee wakaangaliana. Mmoja akatoa saa mfukoni. Nami, niliyekuwa nimetembea juma zima kama malkia, niliona kidimbwi kile kinapanuka kuelekea viatu vyao vilivyopakwa rangi, nikaona mkebe unarudi, nepi inarudi, safari hii mbele ya wakwe. Na yeye mwenyewe amekiri! Nikasema, kwa sauti kubwa, ili Chebet asikie kwamba mimi simo: "Baba anajua mashine za majani tu. Gari hajui. Anajifanya."

Wazee wakaangua kicheko. Mzee mmoja alishika benchi asianguke. "Mtoto amesema!" akarudia. "Anajifanya!" Hata Mzee Maritim alicheka, japo alijaribu kukificha kicheko nyuma ya kofia. Baba naye alitabasamu. Akaendelea kumimina maji.

Waliokolewa na lori la kubebea majani mabichi. Wazee wa suti walipanda wakasimama ndani ya wavu wake, wameshikilia vyuma. Baba alibaki na gari. Aliniangalia, akasogeza begi la spana kidogo kama mtu anayempisha mwingine akae. Nilielewa, lakini nikapanda lori na Chebet. Nilipogeuka alikuwa ameketi kwenye changarawe peke yake, mgongo kwenye gurudumu.

Koito yenyewe ilikwenda salama. Wakwe walinung'unika kwa kuchelewa, wakasimuliwa habari ya mtoto aliyemwambia baba yake anajifanya, wakacheka, nyoyo zikalainika. Kiprono alioa. Hadithi ile ilirudi nasi mlimani na ikakaa. Jumatatu Mzee Maritim alipita asubuhi kumpa Baba pole, na akasema, "Asante kwa safari, Baba Akinyi." Nilidhani ni heshima. Ilinichukua miezi kugundua kwamba hakumwita tena fundi, wala yeye wala mtu mwingine. Pampu zilianza kupita mlango wetu zikielekea Kapsoit. Pikapu pia ilipelekwa Kapsoit, na Baba alisimama pembeni mikono mfukoni, akitazama mtu mwingine akiifungua. Jumapili mchana alikaa ndani. Ile nailoni alimpa Mama afunikie kuni.

Alihamishiwa kiwanda kingine mimi nikiwa darasa la sita, tukahama. Katika miaka yote hiyo, mtu akinitajia baba yangu na magari nilicheka kidogo nikasema, ah, mzee alijaribu. Nimelisema hilo kwa mume wangu. Nimewaambia watoto wangu.

Nilipotoka gerejini nilimwomba fundi ile springi. Jumamosi iliyofuata niliteremka hadi nyumbani, kule ziwani, Baba anakoishi tangu astaafu. Nilimkuta barazani na pasi ya umeme ya jirani imefunguliwa mapajani. Tulikunywa chai. Nikaitoa springi nikaiweka mezani, kati ya vikombe.

Aliichukua, akaivuta, akaiachia. "Ya sili ya krenki hii," akasema. "Ya mbele."

"Baba, ulijua?"

"Nilijua pale pale barabarani. Mtoto wa Maritim aliponiletea maji."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, nyathina?" Nyathina ni mwanangu, kwa lugha yetu. "Mzee wa watu anapeleka kijana wake koito, mimi nianze kumvua msichana wake bangili? Halafu wewe ungeficha uso wapi?"

Nilishindwa kumwangalia. Nilijua kwamba kama sitasema wakati huo sitasema kamwe, basi nikasema nikitazama kikombe. "Na yale maneno yangu, Baba. Mbele ya wazee. Nisamehe."

"Maneno gani?"

"Kwamba gari hujui. Kwamba unajifanya."

Aliiviringa springi kwenye kidole chake, akawaza, akatikisa kichwa. "Hayo siyakumbuki kabisa," akasema kwa sauti ya kawaida. "Labda nilisahau."

Ndipo nilipoinua macho. Nilikuwa nimewahi kuuona uso ule, wenye tabasamu lile lile, kando ya barabara ya Chepseon, jagi mkononi, akimwambia Mzee Maritim kwamba kuna kitu kidogo alisahau.